IBN BATTUTA: KADHI WA TANGIER NA UTANDAWAZI WA ZAMA ZAKE

 



Neno utandawazi tunalisikia redioni, tunalisoma kwenye simu, na wanafunzi wanalikuta katika mitihani ya shule. Siku moja katika kipindi cha Tarekh, kijana mmoja wa darasa la jioni alisema kwamba jambo hili limeanzishwa na watu wa Ulaya, na sisi Waislamu wa pwani tumelipokea tu, kama mchukuzi anayengoja bandarini mzigo usio wake. Mwenzake akadakia kwamba basi dawa ni kufunga mlango. Sikutaka kuwajibu kwa hotuba. Nilikwenda kabatini nikatoa kitabu cha safari za Ibn Battuta, tukakisoma kwa wiki kadhaa, kidogo kidogo. Haya ninayoyaandika hapa ni maisha ya mtu huyo, kwa ajili ya wale ambao hawakuwepo darasani, na kwa wazazi walioniuliza tulikuwa tunasoma nini hasa.

Jina lake ni Abu Abdullah Muhammad bin Abdullah, wa kabila la Lawata katika Waberberi. Alizaliwa katika mji wa Tangier, ambao Waarabu huuita Tanja, huko Morocco, mwezi wa Rajab mwaka 703 Hijria, sawa na Februari 1304. Nyumba yao ilikuwa nyumba ya makadhi. Alisomeshwa fikihi ya madhehebu ya Imamu Malik kama walivyosomeshwa vijana wa mji ule. Katika utoto wake hapakuwa na jambo kubwa la kusimulia, na mwenyewe hakulisimulia.

Tarehe 2 Rajab 725, yaani Juni 14, 1325, alitoka kwao kwenda Hijja. Alikuwa na miaka 21. Hakuwa na mwenzi wa njiani wala msafara wa kufuatana nao. Wazazi wake wote wawili walikuwa hai, na kuachana nao kulimuuma. Hakujua kwamba hatawaona tena.

Alipofika Tunis, watu wa mji walitoka kuwapokea wageni. Huyu anamwamkia ndugu yake, yule anamkumbatia rafiki yake. Yeye hakuna aliyemjua. Alisimama pale peke yake machozi yakamtoka, mpaka Haji mmoja akamwonea huruma, akamsalimia na kuongozana naye hadi mjini. Nimewaambia wanafunzi wangu walitie moyoni jambo hili. Mtu tunayemsifu leo kuwa msafiri mkubwa kuliko wote wa zama zake alianza kwa kulia kwa upweke, na alikuwa bado hajatoka hata Afrika ya Kaskazini.

Lakini angalieni kilichofuata. Msafara wa mahujaji ulipoondoka Tunis, kijana huyu ndiye aliyechaguliwa kuwa kadhi wao. Katika miezi michache tu tangu atoke kwao amekuwa mwamuzi wa watu wazima. Ndani ya mkoba wake mlikuwa na nini? Fikihi aliyoisoma Tangier na lugha ya Kiarabu. Mambo hayo mawili yalikuwa pasi yake ya kusafiria, na yalikubalika katika miji ambayo hajawahi hata kuisikia.

Alipita Alexandria na Cairo, akafika Damascus katika Ramadhani ya mwaka 1326. Huko alisikiliza Sahihi ya Imamu Bukhari ikisomwa katika msikiti mkuu, akapewa ijaza na wanachuoni kadhaa. Wanafunzi wa kike wa madrasa yetu wafurahi, maana miongoni mwa waliompa ijaza alimtaja bibi mmoja, Zaynab binti Kamaluddin, aliyekuwa mwalimu mashuhuri wa Hadithi katika mji ule.

Damascus palikuwa na wakfu za kila namna. Wakfu za wasioweza kwenda Hijja, za mabinti wasio na mali ya kuolewa, za wafungwa, za wasafiri. Siku moja Ibn Battuta alimwona mtumwa mdogo ameangusha sahani ya Kichina ikavunjika. Watu wakamkusanyikia. Mmoja wao akamwambia aokote vigae avipeleke kwa msimamizi wa wakfu wa vyombo, na Ibn Battuta akamfuata kwenda kuona. Kijana akalipwa bei ya sahani nyingine, akaokoka na kipigo cha bwana wake. Sahani imefinyangwa China, imevunjika Sham, na hasara imelipwa kwa sadaka ya mtu aliyekwisha kufa! Tuliposoma habari hii darasani kukawa kimya kidogo.

Baada ya Hijja yake ya kwanza alizuru Iraq na Uajemi, akarudi Makka akakaa kwa muda, kisha akapanda chombo kuelekea Yemen. Kutoka Aden, yapata mwaka 1331, akaja huku kwetu.

Zeila hakuipenda kwa harufu ya samaki na damu ya ngamia waliochinjwa njiani, akaona bora alale chomboni. Baada ya siku kumi na tano za bahari akafika Mogadishu. Huko, chombo kikitia nanga vijana walikuja kwa mashua wakiwa na vyakula vilivyofunikwa, kila mmoja akampa mfanyabiashara mmoja na kumtangaza kuwa ni mgeni wake. Tangu hapo mgeni yule analala nyumbani kwa mwenyeji wake, na mwenyeji ndiye anayemwuzia na kumnunulia. Ukimnunua mgeni kwa bei ya kumdhulumu, au ukimwuzia wakati mwenyeji wake hayupo, biashara hiyo haikubaliwi. Ndivyo biashara ya mbali ilivyolindwa wakati ule, hapakuwa na benki wala mkataba wa mawakili.

Ibn Battuta hakuwa mfanyabiashara. Walipojua kuwa ni fakihi, kadhi wa mji alikuja mpaka ufukoni yeye na wanafunzi wake kumpokea. Akapewa malazi katika nyumba ya wanafunzi wa elimu ya dini. Akaletewa wali wa samli, na mchuzi wa kuku, nyama, samaki na mboga. Kulikuwa na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, ndimu za achari, tangawizi mbichi na embe. Nani katika sisi hakijui chakula hicho? Akapewa na tambuu. Siku ya Ijumaa akaletewa mavazi ya kwendea msikitini, kitambaa cha hariri cha kujifunga kiunoni, nguo ya kitani ya Misri, joho la kitambaa cha Quds na kilemba cha Misri. Na Mogadishu nayo ilikuwa ikifuma nguo zake na kuzipeleka hukohuko Misri. Biashara ilikwenda na kurudi.

Sultani wa Mogadishu alisema lugha ya wenyeji na Kiarabu alikijua. Jambo hili dogo lina maana kubwa. Watu wa pwani hawakuacha kuwa wenyewe ndipo wakaungana na dunia.

Mombasa alilala usiku mmoja tu. Aliona ndizi, malimau, na tunda analolifananisha na zeituni ambalo kwa sifa zake ni zambarau. Nafaka waliletewa kutoka bara ya pwani. Misikiti ilikuwa ya mbao, imejengwa vizuri, na mlangoni pa kila msikiti kisima cha kuteka maji kwa kata. Watu walitembea peku, wakaosha miguu kabla ya kuingia na kuifuta kwa kipande cha jamvi. Aliwasifu kwa dini yao, uaminifu na wema.

Kisha Kilwa. Aliiona kuwa miongoni mwa miji mizuri kabisa. Alisema nyumba zake ni za mbao, ingawa leo wachimbaji wa mambo ya kale wanatuonyesha majengo makubwa ya mawe ya zama hizohizo. Huenda mji ulikuwa na nyumba za namna zote mbili. Sultani wake, Hassan bin Sulaiman, aliitwa Abul Mawahib, baba wa vipawa, kwa ukarimu wake. Jumba lake la Husuni Kubwa, lenye vyumba zaidi ya mia na birika la kuogea, magofu yake yanaonekana hadi leo juu ya mwamba wa bahari. Utajiri ule ulitokana na dhahabu ya Sofala iliyotoka bara. Sarafu yenye jina la sultani huyo imeokotwa Zimbabwe Kuu, mbali kabisa na bahari. Na Kilwa penyewe vimeokotwa vigae vya vyombo vya Kichina, ndugu wa ile sahani ya Damascus.

Kuna habari ya faqiri wa Yemen aliyemsimamisha sultani huyu baada ya sala ya Ijumaa, akaomba nguo alizovaa. Sultani akaingia kwenye nyumba ya khatibu, akabadili, akamtumia nguo zile. Watu wakasifu sana. Mwanawe akazichukua tena nguo kwa faqiri yule na kumpa badala yake watumwa kumi. Sultani aliposikia jinsi watu walivyosifu, akaongeza watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Alipokufa sultani huyu, ndugu yake Daud akashika nafasi yake. Huyu mtu akimwomba humjibu kwamba mtoaji amekwisha kufa na hakuacha cha kutoa!

Wanafunzi walicheka kwa habari ya Daud. Lakini binti mmoja hakucheka, akauliza wale watumwa ishirini walikuwa nani. Swali lake ni la haki, na mwalimu asilikwepe. Walikuwa watu wa bara, wametekwa katika mashambulizi ambayo sultani huyohuyo mcha Mungu aliyafanya. Walikuwa na wazazi wao. Ibn Battuta hawataji majina, anawahesabu pamoja na pembe za ndovu. Yeye mwenyewe alimiliki watumwa karibu maisha yake yote ya safari, na alipotoka nchi za Mali mwaka 1353 msafara aliofuatana nao kuvuka jangwa ulikuwa na wanawake watumwa wapatao mia sita. Anayetaka kuusifu utandawazi wa Waislamu wa kale ausifu, ila na hawa awahesabu. Mimi nimelelewa pwani hii na najua kwamba wapo wanaoona ni aibu kulisema jambo hili. Aibu ni kulificha.

Tuendelee. Kutoka Kilwa pepo za kusi zilimrudisha kaskazini, Dhofar na Oman, kisha Hijja tena. Akapita nchi ya Waturuki, ambako vyama vya vijana mafundi viligombana nani apate heshima ya kumlaza mgeni. Akapanda hadi kwa Uzbek Khan kwenye mto Volga, akafika Constantinople ya Wakristo katika msafara wa mke wa Khan huyo, akapita Bukhara na Samarqand. Wajukuu wa wale Wamongoli waliobomoa Baghdad mwaka 1258 wengi wao sasa walikuwa Waislamu, na njia zilikuwa wazi. Mwezi wa Muharram 734, Septemba 1333, akafika mto Indus.

Bara Hindi alikuta jambo ambalo vijana wa simu watalipenda. Kutoka Sind mpaka Delhi ni mwendo wa siku hamsini. Lakini barua ya kumwarifu sultani kuhusu wageni ilifika kwa siku tano. Wakimbiaji walipangwa njia nzima, kila theluthi ya maili mmoja. Mkimbiaji anashika barua mkono mmoja na fimbo yenye kengele mkono wa pili. Anayemsubiri husikia kengele, husimama tayari, hupokea na kutimka. Hata matunda ya Khurasan yaliletwa kwa sultani kwa njia hiyo.

Sultani wa Delhi, Muhammad bin Tughluq, aliwapenda wageni wenye elimu kupita kiasi. Kila mgeni alitakiwa aje na zawadi, naye sultani humlipa mara nyingi zaidi. Basi wafanyabiashara wa Sind wakafungua kazi ya kuwakopesha wageni farasi, watumwa na vitambaa vya kumzawadia sultani, wakijua deni litalipwa kwa faida. Ibn Battuta naye akakopa. Akafanywa kadhi wa Delhi kwa mshahara wa dinari 12,000 kwa mwaka, ingawa watu wa huko walikuwa Mahanafi na yeye Maliki, na lugha yao hakuijua vizuri. Akapewa manaibu wawili wa kumsaidia. Pamoja na hayo madeni yake yalifika dinari 55,000, ikabidi amtungie sultani shairi la sifa ili amlipie. Nampenda Ibn Battuta, ila kwa fedha si mtu wa kuigwa.

Na mkono uliotoa ndio uliokata. Sultani yule aliua wanachuoni, masharifu, wanyonge, bila kujali. Sheikh mmoja mcha Mungu, Shihabuddin, alikataa kumtumikia na akamwita dhalimu, akauawa. Ibn Battuta alikuwa amekwenda kumzuru sheikh huyo. Akawekewa walinzi wanne, na kila mtu aliyewekewa walinzi wa namna hiyo mara nyingi hakupona. Alifunga siku tano mfululizo akifuturu maji tu, akileta uradi wa kumtegemea Mwenyezi Mungu, siku ya kwanza peke yake mara 33,000. Akaachiwa. Alipotoka aligawa mali yake, akavaa nguo za kifaqiri na kujitenga na dunia kwa miezi mitano pamoja na sheikh mmoja aliyeishi pangoni.

Sultani alimwita tena, akamtuma balozi kwa mfalme wa China. Akaondoka Delhi mwaka 1342 na msafara mkubwa wa zawadi. Karibu na Koil, mji unaoitwa leo Aligarh, akatekwa na wanyang'anyi, akaponea chupuchupu. Alipofika Calicut alikuta merikebu kumi na tatu za Kichina zikingoja msimu wa pepo. Merikebu kubwa moja huchukua watu elfu, mabaharia mia sita na askari mia nne. Zawadi na watu wakapakiwa. Yeye alibaki nchi kavu ili asali Ijumaa. Usiku ule tufani ikaivunja merikebu ile, waliokuwamo wakafa. Merikebu ya pili, yenye mizigo yake na watu wake, ikatweka matanga na kumwacha. Asubuhi alisimama ufukoni ana dinari kumi na zulia la kulalia.

Hakuthubutu kurudi Delhi. Akaenda visiwa vya Maldives, na huko ndiko ninakotaka tukae kidogo.

Visiwa hivi vilitawaliwa na malkia Mwislamu, Khadija. Walipojua kuwa mgeni ni mwanachuoni hawakutaka aondoke. Wakamfanya kadhi, wakamwoza katika nyumba za wakubwa. Akawasimamia kwa ukali watu wasiohudhuria sala ya Ijumaa. Akataka na wanawake wafunike vifua vyao, amri ambayo hawakuitii ila wanapoingia mbele yake mahakamani. Alikiri mwenyewe kwamba jambo hilo lilimshinda. Baadaye akagombana na waziri, akaondoka mwaka 1344.

Fedha ya visiwa hivyo ilikuwa kauri. Wanawaokota viumbe hawa baharini, wanawafukia mashimoni mpaka nyama inaoza na gamba jeupe linabaki. Dinari moja ya dhahabu ilikuwa sawa na kauri 400,000, na wakati mwingine zaidi ya hapo. Wakaziuza Bengal kwa kubadilishana na mchele, na watu wa Yemen walizitia vyomboni mwao badala ya mchanga kuwa farumi, mzigo wa kutuliza chombo kisipinduke. Miaka minane baadaye, upande wa pili kabisa wa dunia aliyoijua, katika nchi za Mali, alikuta watu wananunua vitu kwa kauri zilezile. Ila huko dinari moja ya dhahabu ilikuwa kauri 1,150. Fanyeni hesabu wenyewe. Kitu cha kutuliza jahazi katika bahari ya Hindi kimepita bahari, mito na jangwa, mikono mingi isiyojuana, mpaka kimekuwa fedha yenye thamani kubwa mamia ya mara katika mto Niger. Hapakuwa na kampuni moja iliyosimamia jambo hilo, wala mfalme mmoja.

Akazuru Ceylon, Bengal na Sumatra, ambako sultani alifuata madhehebu ya Imamu Shafi kama sisi. Akafika bandari ya Quanzhou nchini China. Wapo wanachuoni wanaotilia shaka kama kweli alifika mbali zaidi ya pale, hasa mji mkuu wa Beijing, na shaka yao ina msingi kwa sababu maelezo yake ya huko ni mafupi na yana makosa. Lakini noti za karatasi alizieleza sawasawa. Hakuipenda China. Alisema akitoka nje huona mambo ya kumchukiza mpaka akajifungia ndani, na akikutana na Mwislamu ni kama amekutana na ndugu. Katika mji mmoja aliletewa mwanachuoni tajiri aje kumsalimia. Wakazungumza, akaona lafudhi anaijua. Alikuwa al-Bushri, mtu wa Ceuta, mji jirani kabisa na Tangier! Wakalia wote wawili. Miaka michache baadaye, katika mji wa Sijilmasa ukingoni mwa Sahara, Ibn Battuta alipokelewa nyumbani kwa ndugu wa mtu huyohuyo.

Sasa nifike kwenye sehemu nzito. Mwaka 1348 akiwa njiani kurudi kwao alifika Damascus. Zaidi ya miaka ishirini nyuma alikuwa ameoa hapo na kumwacha mke wake na mimba. Akiwa Bara Hindi alipata habari kwamba amezaliwa mtoto wa kiume, akatuma dinari arubaini kwa babu wa mtoto. Sasa akaulizia. Akaambiwa mtoto alikwisha kufa miaka kumi na miwili iliyopita. Akamkuta mtu wa Tangier, akamwuliza habari za kwao. Baba yake alikufa miaka kumi na mitano iliyopita, na mama yu hai.

Alikuwa ameoa na kuacha wake katika nchi nyingi, na watoto wengine hakuwaona tena. Kisheria aliweza. Mimi ni mwalimu wa watoto, na ninapofika kwenye ukurasa wa dinari arubaini moyo wangu unakuwa kwa yule mtoto kuliko kwa msafiri.

Mwaka huohuo tauni kubwa ilikuwa imefika. Gaza aliikuta karibu tupu. Damascus walikufa watu 2,400 kwa siku moja, kwa hesabu aliyoipata. Watu wa mji walifunga siku tatu, kisha wakatoka peku, Waislamu na misahafu yao, Mayahudi na Taurati yao, Wakristo na Injili yao, wakubwa kwa wadogo, wakimlilia Mola wao. Ugonjwa huo ulikuja kwa njia zilezile alizopita yeye, kwa misafara na kwa majahazi. Mwaka 2022 wanasayansi walichapisha uchunguzi wa mifupa ya makaburi ya miaka 1338 na 1339 karibu na ziwa Issyk-Kul, katika Kyrgyzstan, kwenye njia ya misafara ya Asia ya Kati, na wakakuta athari za kijidudu cha tauni. Sisi tuliouona mwaka 2020 hatuhitaji kuelezwa jinsi maradhi yanavyosafiri na biashara.

Alipokaribia kwao, katika mji wa Taza, akapewa habari kwamba mama yake amekufa kwa tauni. Aliingia Fez mwezi wa Novemba 1349. Akaenda Tangier kuzuru kaburi la mama.

Hata hivyo hakutulia. Akavuka Andalusia, na mwaka 1352 akavuka Sahara kwenda Mali. Huko alilala Taghaza, kijiji ambacho nyumba na msikiti vimejengwa kwa mawe ya chumvi na kuezekwa ngozi za ngamia. Mansa Sulaiman alimpelekea zawadi ya ugeni, naye akasimama akitarajia mavazi na fedha. Kumbe ni mikate mitatu, kipande cha nyama ya kukaanga na kibuyu cha maziwa ya mgando. Akacheka. Lakini aliwasifu watu wa Mali kwa uadilifu na usalama wa nchi yao, ambako msafiri hahofii mwizi, na mali ya mgeni aliyefia huko huhifadhiwa mpaka mrithi wake aje. Aliwasifu pia kwa kuwatia watoto minyororo mpaka wahifadhi Qur'ani. Hapo ndipo darasa lilipopiga kelele. Niliwahakikishia kwamba madrasa yetu haina minyororo.

Aliporudi Fez, Sultani Abu Inan alimwamuru asimulie, na mwandishi aitwaye Ibn Juzayy akaandika. Kazi ilimalizika Desemba 1355. Alikuwa amekwenda, kwa makadirio ya wanachuoni wa sasa, yapata kilomita 117,000 katika muda wa karibu miaka thelathini. Maandishi yake alikuwa amenyang'anywa na maharamia baharini, kwa hiyo sehemu kubwa alitegemea kumbukumbu. Tarehe nyingine hazikubaliani, na maelezo ya Makka na Damascus mwandishi aliyaazima kutoka kwa msafiri aliyemtangulia, Ibn Jubayr.

Watu wa kwao wengi hawakumwamini. Ibn Khaldun, mwanahistoria mkubwa, aliandika kwamba naye alikuwa na shaka mpaka akazungumza na waziri mmoja. Waziri akamtahadharisha kwa mfano wa mtoto aliyekulia gerezani pamoja na baba yake. Mtoto akauliza nyama wanayokula ni ya mnyama gani. Baba akamweleza kondoo alivyo. Mtoto, ambaye mnyama pekee aliyemwona ni panya, akauliza kama kondoo ni aina ya panya.

Ibn Battuta alimaliza maisha yake akiwa kadhi wa mji mmoja wa Morocco, akafa yapata mwaka 1368 au 1369. Kitabu chake kilibaki Maghrib kwa karne nyingi. Wafaransa walipoitwaa Algeria katika miaka ya 1830 walichukua nakala kadhaa za mkono, na maandishi yote pamoja na tafsiri ya Kifaransa yalichapwa Paris kati ya mwaka 1853 na 1858. Hivyo habari za Sultani Hassan wa Kilwa zilifika kwa wasomaji wengi wa dunia kutoka Paris, na sisi watu wa pwani tumezisoma baada yao.

Nakala ya Kiarabu iko kwenye kabati la ofisi ya walimu, rafu ya pili, jalada lake limeshonwa upya. Mwanafunzi au mzazi anayetaka kuazima aje baada ya sala ya Alasiri. Ukurasa wa Mombasa umewekwa alama.